Mawimbi Hutangulia Kimbunga: Namna ya Kusoma Utabiri wa Bahari Ukiwa Kisiwani

Taarifa ya kimbunga inapotolewa, macho ya wengi huenda moja kwa moja kwenye mstari wa ramani unaoonyesha kitovu kitapita wapi. Mstari ukipita mbali, watu hushusha pumzi na kurudi kwenye shughuli zao. Kwa anayeishi kisiwani hilo ni kosa la hatari, kwa sababu bahari haifuati mstari ule. Kisiwa kinaweza kuwa kilomita 800 kutoka kwenye kitovu, jua likiwaka na upepo umelala, huku mawimbi ya kimbunga hicho hicho yakivunjika juu ya mwamba na kuburuta watu waliosimama ufukweni. Bahari ina ratiba yake, na sehemu kubwa ya ratiba hiyo unaweza kuihesabu ukiwa na saa ya mkononi.

Sekunde kwanza, mita baadaye

Utabiri wa bahari hutoa namba tatu kuhusu mawimbi: kimo kwa mita, sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na linalofuata, na upande yanakotoka. Wengi husoma mita tu. Anayesubiri kimbunga aanze na sekunde.

Upepo wa kawaida wa kila siku hujenga mawimbi ya sekunde 5 hadi 8, mafupi, yenye vilele vilivyosongamana. Kimbunga hupiga eneo pana la bahari kwa upepo mkali kwa saa nyingi, na humo huzaliwa mawimbi ya sekunde 12, 14, hata 16 na zaidi. Haya hutoka eneo la dhoruba na kusafiri yenyewe, bila kuhitaji upepo wa kuyasukuma. Mwendo wake una kanuni nyepesi: zidisha sekunde kwa 2.8, upate kilomita kwa saa ambazo nguvu ya mawimbi hayo husafiri kwenye maji ya kina. Wimbi la sekunde 8 huenda kilomita 22 kwa saa. La sekunde 14 huenda 39.

Sasa chukua kimbunga kilicho umbali wa kilomita 1,200, kinachokuja kwa kilomita 15 kwa saa. Kitovu kinahitaji saa 80 kufika, yaani zaidi ya siku tatu. Mawimbi yake ya sekunde 14 yanafika baada ya saa 31 hivi. Kwa siku mbili nzima kisiwa kitakuwa kwenye bahari ya kimbunga chini ya anga la kawaida, na ndizo siku ambazo watu huzama, kwa kuwa hakuna wingu wala upepo wa kuwaonya.

Sekunde zinaamua pia ukali wa wimbi likifika ufukweni. Mawimbi ya mita 2 yenye sekunde 16 huleta nguvu mara mbili ya mawimbi ya mita 2 yenye sekunde 8. Zaidi ya hapo, wimbi refu, yaani la sekunde nyingi, hunyanyuka zaidi linapokuta maji mafupi. Wimbi la mita 1.5 baharini, likiwa la sekunde 8, huvunjika likiwa na kimo cha karibu mita 2. Likiwa la sekunde 16, hufika mita 2.5. Kwa hiyo utabiri unaosema mita 1.5 siku zote mbili huenda unaelezea fukwe mbili tofauti kabisa.

Jambo la tatu ni kwamba wimbi huanza kugusa chini ya bahari kwenye kina cha nusu ya urefu wake, kuanzia kilele hadi kilele. Wimbi la sekunde 8 lina urefu wa mita 100, kwa hiyo huihisi chini kwenye kina cha mita 50. La sekunde 14 lina urefu wa mita 300 na hugusa chini kwenye mita 150. Kwa kugusa mapema hivyo, hupinda mapema, na hukizunguka kisiwa hadi upande wa pili. Ghuba ambayo siku zote ni salama kwa sababu imeupa upepo mgongo haipo salama moja kwa moja mbele ya mawimbi ya kimbunga.

Neno moja kuhusu mita zenyewe. Kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa kuliko mengine, si kimo cha wimbi kubwa kupita yote. Katika mawimbi elfu moja, idadi inayopita kwa takriban saa 3, tarajia moja lenye karibu mara mbili ya namba iliyotangazwa. Mita 3 kwenye taarifa ni karibu mita 6 kwa wimbi moja ambalo hujui litakuja dakika gani.

Kuyasoma mawimbi kwa macho

Chagua kitu kisichohama, boya lililotiwa nanga au ncha ya mwamba. Kilele kikipita hapo, anza kuhesabu muda, na usimame baada ya vilele kumi vingine kupita. Gawanya sekunde zote kwa kumi. Rudia asubuhi, mchana na jioni, uandike namba pamoja na upande mawimbi yanakotoka. Daftari hilo dogo litakuambia mengi kuliko picha za setilaiti ambazo si kila mtu anajua kuzisoma.

Mawimbi marefu hukimbia kuliko mafupi, kwa hiyo dalili ya kwanza ni sekunde kuruka ghafla, tuseme kutoka 7 hadi 15, huku kimo kikiwa bado kidogo, labda nusu mita. Hapo ndipo watu hudharau. Kimo kikiendelea kupanda huku sekunde zikishuka polepole na mawimbi ya kila namna yakijichanganya, eneo la dhoruba linakukaribia. Upande nao una habari yake. Mawimbi yakizidi kukua na yakatoka upande ule ule tangu mwanzo, kimbunga kinakuja kwako. Yakianza mashariki kisha yakahamia kusini, kimbunga kinapita kusini mwako. Yakihamia kaskazini, kinapita kaskazini.

Mawimbi ya mbali huja kwa mafungu. Huja mengi makubwa mfululizo, kisha bahari hutulia dakika 10, 15, wakati mwingine 20, kisha fungu jingine. Mtu hutazama bahari dakika tano, akaona imelala, akashuka kwenye mwamba kuvua au kupiga picha. Fungu linalofuata humkuta pale. Hii ni sababu mojawapo ya vifo vya siku zenye jua kabla ya kimbunga.

Wanaoteleza mawimbini kwa ubao huzipenda siku hizi, na sababu inaeleweka: upepo unaotoka nchi kavu huyasafisha mawimbi, yakaja laini na marefu. Upepo huo huo ndio unaomsukuma baharini mtu aliyepoteza ubao wake. Maji yaliyomwagika juu ya mwamba na mafungu makubwa hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni milango ya mwamba, yaani nafasi zinazoukatiza mwamba hadi bahari kuu. Mkondo wa kwenye mlango huongezeka kadiri mafungu yanavyokuwa makubwa, na hakuna muogeleaji anayeushinda kwa kuogelea kuukabili. Njia pekee ni kukata kwa ubavu, sambamba na ufukwe, hadi pale mawimbi yanapovunjika na kusukuma kuelekea nchi kavu.

Upande mbaya wa kimbunga

Kusini mwa ikweta upepo wa kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Kaskazini mwa ikweta huzunguka kinyume chake. Mwendo wa kimbunga chenyewe hujumlishwa na upepo wa upande mmoja na kuupunguza wa upande mwingine. Ukikiangalia kimbunga kutoka nyuma yake, kikielekea kule kinakokwenda, upande mbaya ni wa kushoto kwa kusini mwa ikweta na wa kulia kwa kaskazini. Upande huo pia hujenga mawimbi makubwa zaidi, kwa sababu upepo na kimbunga vinakwenda pamoja, na mawimbi hukaa chini ya upepo ule ule kwa muda mrefu badala ya kuachwa nyuma.

Kujua kitovu kilipo bila ramani kunawezekana upepo ukishakuwa wa dhoruba. Kusini mwa ikweta, uelekeze uso upepo unakotoka. Kitovu kiko kushoto kwako, kidogo nyuma ya bega. Kaskazini mwa ikweta ni kulia. Kisha fuatilia upepo unavyogeuka. Kwa kusini mwa ikweta, upepo ukihama kutoka kusini-mashariki kwenda mashariki na kisha kaskazini-mashariki, yaani kinyume cha mshale wa saa, uko upande mbaya. Ukigeuka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, uko upande mwepesi zaidi. Usipogeuka kabisa na ukazidi kukaza, kitovu kinakuja juu yako.

Kitovu kikipita, jicho huleta utulivu wa ghafla ambao unaweza kuisha ndani ya nusu saa au kudumu saa mbili na zaidi, kutegemea upana wake na mwendo wa kimbunga. Upepo hurudi kutoka upande wa pili kabisa. Chombo kilichofungwa vizuri kwa upepo wa kusini sasa kinapigwa kutoka kaskazini, na paa lililolegezwa upande mmoja linasukumwa kutoka upande wake dhaifu. Bahari ndani ya jicho haitulii. Mawimbi ya pande zote hukutana humo na kupanda kama nguzo.

Barometa bila kudanganyika

Katika nchi za joto mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka wenyewe mara mbili kwa siku, hata hali ya hewa ikiwa shwari. Huwa juu mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na chini mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Tofauti ni kama hektopaskali 3, hektopaskali ikiwa kipimo cha mgandamizo wa hewa. Kwa hiyo barometa kushuka 3 kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni si habari. Linganisha saa ile ile ya leo na ya jana. Kama saa 4 usiku, wakati mgandamizo unapaswa kuwa juu, umeshuka chini ya ule wa jana, shughulika. Mabaharia wana kipimo chao cha siku nyingi: mgandamizo ukiwa chini ya wastani wa msimu kwa hektopaskali 3, shuku; kwa 5 au zaidi, usibishane tena.

Maji juu ya mwamba

Hapa ndipo maonyo yaliyoandikwa kwa ajili ya pwani za bara huwapotosha watu wa visiwani. Kwenye pwani pana yenye maji mafupi, kama Ghuba ya Bengal, upepo husukuma bahari na kuirundika nchi kavu kwa mita kadhaa. Kisiwa kilichochomoza kutoka kwenye kina kirefu hakina sakafu ya kurundikia maji. Yanayosukumwa hupita pembeni na chini. Watu husikia hivyo wakadhani wamepona. Kisiwa cha namna hii hufurika kwa njia nyingine, ambazo hujumlishwa.

Ya kwanza ni mgandamizo. Kila hektopaskali 1 inayopungua huinua bahari kwa sentimita 1. Kawaida ni kama 1013. Mgandamizo ukishuka hadi 970, bahari imepanda sentimita 43. Ya pili ni mawimbi yenyewe. Yakivunjika kwenye ukingo wa mwamba, husukuma maji ndani haraka kuliko yanavyoweza kutoka, na usawa wa maji nyuma ya mwamba hupanda. Kadirio la kufaa ni asilimia 10 hadi 20 ya kimo cha mawimbi ya nje. Kwa mawimbi ya mita 4, asilimia 15 ni sentimita 60. Jumla tayari ni zaidi kidogo ya mita 1, kabla ya kuhesabu maji kujaa.

Mita hiyo moja ina madhara makubwa kuliko inavyosikika. Juu ya mwamba, kimo cha wimbi hutawaliwa na kina: kwa makadirio, wimbi haliwezi kuzidi nusu ya kina cha maji yaliyopo hapo. Kina kikiwa mita 1, wimbi linalopita ni la nusu mita. Kina kikifika mita 2, linalopita ni la mita 1, na kwa kuwa nguvu ya wimbi hupanda kwa mraba wa kimo chake, linalogonga ukuta wa nyumba lina nguvu mara nne. Mwamba wa matumbawe wenye afya hupunguza kwa wastani takriban asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi, ndiyo maana kuubomoa au kuuvua kwa baruti ni kuivunja boma yenyewe. Lakini kinga hiyo hupungua maji yanapopanda juu yake.

Yapo pia maji yanayopanda na kushuka taratibu kwa dakika kadhaa, yanayozaliwa na yale mafungu ya mawimbi. Kimbunga Haiyan kilipopiga Ufilipino Novemba 2013, mji wa Hernani, ulioko nyuma ya mwamba mpana wa matumbawe, ulipigwa na ukuta wa maji uliofanana na tsunami. Mwamba ulivunja mawimbi ya kawaida na kuacha pigo hili la polepole lipite. Anayeishi nyuma ya mwamba asiridhike kwa kuwa mawimbi anayoyaona mbele ya nyumba ni madogo.

Kwa sababu hizi zote, saa ya hatari haipatikani kwenye utabiri wa upepo peke yake. Chukua jedwali la maji kujaa na kupwa, uweke pembeni ya muda ambao mawimbi yatakuwa makubwa kabisa. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana kuliko kawaida, na mawimbi makubwa vikikutana kwa wakati mmoja, ondoka sehemu za chini hata kama kitovu kiko mbali. Kimbunga hicho hicho kikifika wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, na maji yamekupwa, huenda kikaacha nyumba za ufukweni zikiwa kavu. Ndiyo maana majirani wa fukwe mbili hutoa ushuhuda unaopingana kuhusu dhoruba moja, na wote wakawa wakweli.

Namba za upepo, na ile koni

Kituo cha utabiri wa vimbunga cha La Réunion, kinachohudumia kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, hupima upepo kwa wastani wa dakika 10. Wamarekani hutumia wastani wa dakika 1. Kimbunga kimoja hivyo hupata namba mbili, zinazotofautiana kwa karibu sehemu moja ya kumi. Si mmoja anadanganya. Kwa hesabu ya La Réunion, jina la kimbunga huanza kwenye kilomita 118 kwa saa. Kuanzia 63 hadi hapo ni dhoruba ya kitropiki. Mapigo ya ghafla huwa makubwa zaidi, na msukumo hupanda kwa mraba: upepo wa kilomita 170 husukuma ukuta kwa nguvu mara mbili ya upepo wa 120.

Koni ya ramani, lile umbo linalopanuka kuuzunguka mstari wa njia, huonyesha mahali kitovu kinaweza kupita, wala haionyeshi upana wa dhoruba. Kwa namna kituo cha Marekani kinavyoichora, kitovu hubaki ndani yake takriban mara mbili kati ya tatu. Kwa utabiri wa siku tatu, kosa la kilomita 100 au 200 ni la kawaida, na kwa kisiwa huo ni umbali wa kufa na kupona. Kimbunga Chido kilikipiga kisiwa cha Mayotte moja kwa moja tarehe 14 Desemba 2024 na kukiharibu vibaya. Kisiwa cha Nzwani cha Komoro, kilomita 70 hivi kutoka hapo, kilipata madhara madogo. Kimbunga kidogo chenye nguvu hakimpi mtu nusu ya adhabu.

Kumbuka pia kwamba mitambo ya utabiri ya dunia nzima huigawa bahari kwa miraba ya kilomita kadhaa. Mwamba wako na mlango wake havimo. Kimo kilichoandikwa ni cha maji ya kina nje ya mwamba. Cha ufukweni lazima ukadirie mwenyewe.

Na kupungua nguvu hakuondoi mvua. Kimbunga Hidaya kilipokikaribia kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimeshadhoofika, lakini mvua yake ilileta mafuriko na kukata barabara ya kusini mwa Tanzania. Kwenye visiwa vyenye milima ni kali zaidi: mwaka 2007, kimbunga Gamède kilimwaga milimita 3,929 kwa siku tatu huko Commerson, La Réunion. Mabonde hujaa kwa dakika, mbali kabisa na bahari.

Muda wa kazi za vyombo

Mwisho wa maandalizi ni pale upepo wa kilomita 63 kwa saa unapofika, maana baada ya hapo hakuna atakayefanya kazi juu ya chombo. Tuseme upepo huo umeenea kilomita 200 kutoka kwenye kitovu kinachokuja kwa kilomita 15 kwa saa. Utafika saa 13 kabla ya kitovu. Ongeza saa 12 za tahadhari. Kama kitovu kinatarajiwa saa 12 jioni Ijumaa, kazi iishe saa 11 jioni Alhamisi.

Chombo kidogo kipandishwe nchi kavu, mashine ivuliwe, mahali pawe juu ya mstari wa bamvua kwa mita mbili au zaidi. Kinachobaki majini hupoteza kamba kwa kusagika kuliko kwa nanga kung'oka: kamba hukatika pale inapopita ukingoni mwa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Ivalishe mpira wa bomba au gunia nene pale, urefu wa kutosha ili ikijivuta bado ikingwe. Urefu wa kamba uhesabiwe kwa maji yatakapokuwa juu. Kina mita 5, omo mita 1 juu ya maji, bahari kupanda mita 2, jumla 8. Kamba iwe mara saba ya hiyo, mita 56. Aliyehesabu kwa kina cha leo peke yake ametoa 35, na maji yakipanda nanga yake inavutwa kwa juu na kuchomoka. Kijito chenye mikoko ni maficho bora kuliko bandari iliyojaa vyombo, ambako chombo cha jirani ndicho kitakachokuvunja.

Upepo ukikoma, mawimbi hubaki makubwa kwa siku moja au mbili, na maji yamejaa magogo, mabati na uchafu wa vyoo. Endelea kuhesabu sekunde kama mwanzo. Kabla ya kutoa chombo, kaa ukiangalia mlango wa mwamba dakika 30 nzima, mpaka mafungu mawili yapite, na upime kwa fungu kubwa.